Saladi Zilizolala Mbele ya Wageni

Jumatatu, 9 Januari

Daftari hili ni la mimea, si la mambo ya watu. Nilifundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, na kila muhula niliwaambia wanafunzi kwamba jaribio lisiloandikwa ni sawa na ndoto. Sasa ni zamu yangu kuandika.

Baraza ya nyuma: mabomba sita ya plastiki yamepangwa kwa ngazi. Kila bomba lina matundu manane, kila tundu lina kikombe, kila kikombe kina mche. Saladi thelathini na mbili, spinachi kumi na sita. Udongo hakuna hata chembe. Chini kuna pipa jeusi la maji yaliyotiwa virutubisho. Pampu inayasukuma mpaka bomba la juu, nayo yanateremka bomba kwa bomba, yanalowesha mizizi, kisha yanarudi pipani. Mizizi ni myeupe kama uzi mpya. Joto la maji saa tatu asubuhi: digrii ishirini na mbili. Uchachu uko sawa.

Jirani yangu, fundi cherehani, alichungulia juu ya ukuta akaangua kicheko. "Mwalimu, mboga zako zinaoga kutwa kucha! Hazitashikwa na mafua?"

Mkamwana wangu alinishikia ndoo. Hiyo ndiyo kazi anayoiweza.

Alhamisi, 12 Januari

Saladi zimetoa jani la tano. Jua kali.

Jumatano, 18 Januari

Nimegombana na mkamwana, au niseme nimegomba peke yangu, maana yule hajibu. Nimefungua friji nikakuta chupa saba za maji yaliyoganda, hakuna pa kuweka hata limau. Nikamwambia, "Utafikiri tunafungua duka la barafu!" Akasema, "Nitazipunguza, mama." Hakuzipunguza.

Mwaka wa tatu huu tangu mwanangu amlete hapa. Aliishia kidato cha pili. Baba yake anachonga mihuri kwenye kibanda mbele ya ofisi za serikali. Si mtu mbaya, lakini ukikaa naye mezani utadhani umekaa na kabati. Mwanangu ni fundi wa lifti, kijana mwenye mdomo na mcheshi. Nilidhani angepata wa kulingana naye.

Mimea: safi kabisa. Saladi zimefunga kama ngumi.

Jumanne, 24 Januari

Mkuu wa shule amenipigia simu! Tangu nistaafu sijasikia sauti yake. Amesikia habari za bustani yangu kwa mwalimu wa kemia, aliyesikia kwa fundi cherehani. Anataka kuja na walimu wenzake Jumamosi ya tarehe nne waione, na ikiwafaa wajenge kama hiyo shuleni, mimi niwe mshauri. Alisema hivyohivyo: "Mwalimu, wewe ndiye mshauri wetu."

Nilikata simu nikaenda kusimama mbele ya kioo. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, anajichekea mwenyewe kama mwari.

Jumatatu, 30 Januari

Gauni la bluu limekamilika. Fundi cherehani amelitia marinda kumi na manne kiunoni. Joto halipungui.

Jumamosi, 4 Februari

Wageni walikuja saa kumi, watu tisa. Mimea ilikuwa imenyauka kwa sababu mkamwana alizembea pampu. Nimechoka, sitaandika zaidi.

Jumapili, 5 Februari

Mwanangu alirudi jana kutoka kazini, nikamsimulia. Amemfokea mkewe mpaka majirani wamesikia. "Umemwaibisha mama mbele ya wakubwa wake! Kitu kimoja tu uliambiwa ukiangalie!" Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Leo hakula. Nami sikula vizuri.

Jumanne, 7 Februari

Mkamwana ameondoka kwenda kwao. Kachukua begi moja. Aliniaga mlangoni, "Kwaheri, mama," kwa adabu zake zote, nikamwitikia huku natazama kwingine.

Jumatano, 8 Februari

Tangu asubuhi nimekaa mbele ya daftari hili, kalamu mkononi. Niliyoyaandika Jumamosi ni uongo. Humu, ambamo hasomi mtu mwingine, bado nilidanganya. Sijui nilikuwa namdanganya nani.

Pampu niliichomoa mimi.

Baraza ya nyuma ina soketi moja, nayo ndiyo ya pampu. Soketi ya chumbani kwangu iliungua mwezi uliopita. Jumamosi asubuhi nilibeba meza ya pasi nikaiweka barazani, nikachomoa pampu, nikachomeka pasi, nikaanza kupiga marinda yangu moja baada ya jingine. Nilijiambia ni dakika kumi tu. Nikiwa kwenye rinda la mwisho simu ikalia, msusi ananiambia amepata nafasi, nije upesi kabla hajaingia mtu mwingine. Nikazima pasi kwa kitufe chake, nikatundika gauni chumbani, nikatoka. Waya wa pasi ukabaki ukutani. Plagi ya pampu ikabaki sakafuni chini ya meza.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilirudi saa tisa alasiri, kichwa kimesukwa vizuri, nikaenda moja kwa moja kuvaa. Muda wa saa nane, mpaka wageni walipofika, mabomba yalikaa makavu chini ya bati, siku ya joto kuliko zote mwaka huu.

Na mkamwana? Nilimtuma asubuhi na mapema akafuate viti na vikombe vya kukodi upande wa pili wa mji. Kabla hajatoka nilimwonya: "Leo kwenye mimea usiguse kitu, usije ukaniharibia." Alirudi na viti dakika chache kabla ya wageni, akaingilia mlango wa mbele, akaanza kuvipanga.

Nikawaongoza wageni barazani nikiwa mbele, mkono nimeunyoosha kama mtu anayefungua pazia. Mkuu aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Aa." Saladi zote zilikuwa zimelala juu ya mabomba kama matambara yaliyoanikwa. Spinachi zimeinamisha vichwa. Harufu ya plastiki iliyopata moto. Mwalimu wa kemia akainua kikombe kimoja, mizizi ikakatika mkononi mwake, mikavu kama nywele za mahindi.

"Kulikoni, Mwalimu?" Mkuu akauliza.

Nilijua. Nataka liandikwe hapa kwamba nilijua palepale. Niliitupia jicho meza ya pasi, nikauona waya ukutani. Kisha nikasikia sauti yangu, ile sauti ya darasani, inasema: "Ni huyu mkamwana wangu. Nilimwachia pampu aiangalie. Sasa oneni."

Watu tisa wakamgeukia. Alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe. Akaweka trei chini. Akapita katikati yao, akasogeza meza, akachomoa pasi, akachomeka pampu. Maji yakaanza kulia ndani ya mabomba. Alipoinuka aliutazama waya wa pasi, akalitazama gauni langu na marinda yake kumi na manne, akanitazama usoni. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha la kumjibu, Mungu anisamehe.

Akasema, "Samahani, mama."

Akaokota trei akawapa watu chai. Mwalimu mmoja wa kike alimwambia, "Siku nyingine uwe makini, binti." Akaitikia, "Sawa."

Hayo ndiyo yaliyotokea.

Jumatatu, 13 Februari

Nimeng'oa ishirini na tisa. Zilizobaki kumi na tisa nimeziosha mizizi na kubadilisha maji. Nitaonyesha kwamba bustani hii naiweza mwenyewe.

Ijumaa, 17 Februari

Jani moja la spinachi lina madoa ya njano.

Jumapili, 19 Februari

Mizizi inageuka rangi ya chai. Ukiigusa inateleza, na ina harufu ya maji ya chombo cha maua kilichosahaulika. Nimepima virutubisho, viko sawa. Uchachu, sawa. Nimesafisha pipa kwa mikono yangu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kisha, saa nane mchana, ndipo nilipopima joto la maji kwa mara ya kwanza saa hiyo. Siku zote nimekuwa nikipima asubuhi, saa tatu, kukiwa na ubaridi, na kujisifu.

Digrii thelathini na nne.

Kitu ambacho nimekifundisha mara mia: maji yakipata joto hewa hukimbia, na mizizi isiyo na hewa huoza. Niliwachorea watoto ubaoni. Nikaenda jikoni kunywa maji, nikafungua friji, na chupa zile saba zikaniporomokea miguuni, barafu tupu.

Niliketi sakafuni. Kila mchana nilipolala usingizi wangu wa baada ya chakula, yule binti alikuwa anatumbukiza chupa za barafu pipani, jioni anazitoa na kuzirudisha. Miezi yote ya joto. Hakuniambia kwa sababu... hapana, aliniambia. Nakumbuka sasa. Wiki ya kwanza alisema, "Mama, mchana maji yanakuwa kama ya kuogea." Nikamjibu kwamba mimi nina shahada.

Mimea ile iliyonifanya nisimame mbele ya kioo haikuwa yangu.

Jumatano, 22 Februari

Nimeweka chupa pipani saa sita na saa tisa. Imepona miche kumi na moja.

Fundi cherehani kaniuliza juu ya ukuta, "Mkamwana atarudi lini? Nyumba imekuwa kimya." Nikamwambia kwao kuna mgonjwa. Uongo sasa unanitoka bila kuulizwa.

Jumapili, 26 Februari

Mwanangu alikuwa anakula, akasema bila kuinua macho, "Nafikiria kumwambia mzee wake kwamba asirudi tena."

Kijiko kilinigonga meno. "Kwa sababu ya saladi?"

"Si saladi, mama. Kila nikimpigia simu nasema, basi nieleze ilikuwaje, labda ulipitiwa, labda umeme ulikatika. Anasema hana la kueleza. Mtu gani huyo? Kosa analikubali mbele ya wageni, kisha kwa mumewe anafunga mdomo. Mimi siwezi kuishi na mtu nisiyemjua yuko wapi."

Ningeweza kunyamaza. Liandikwe na hilo: nilifikiri kunyamaza. Nilihesabu, kama anavyohesabu mwizi, kwamba wangeachana, na mwaka mmoja baadaye hakuna ambaye angeikumbuka pampu.

Nikasema, "Nilichomoa mimi. Nilikuwa napiga pasi."

Hakuelewa. Nikarudia, nikaeleza yote, soketi, msusi, viti, na nilivyomwonya asiguse. Alisikiliza huku rangi ikimtoka usoni. Nilizoea kuuona uso ule ukicheka.

"Na yeye alijua?"

"Aliiona pasi."

"Na wewe ulikaa hapo Jumamosi ile," akasema polepole, "ukanisikiliza ninavyomfokea."

"Nilikaa."

Akasukuma sahani. Alisimama mlangoni, mgongo kwangu. "Mama, mimi nilimwita mzembe. Nilimwambia hajui thamani ya kitu kwa sababu hakusoma." Sauti ikamkatika. Sijamsikia hivyo tangu mazishi ya baba yake. Akatoka bila viatu, akarudi kuvaa viatu, akatoka tena.

Jumamosi, 4 Machi

Nimekwenda ukweni. Mwanangu alitaka kunisindikiza, nikakataa.

Nyumba ni ndogo na safi. Mzee alinipokea kwa heshima zote, vidole vyake vina wino wa mihuri. Mama yake binti akaniletea maji. Mkamwana alikuja akaniamkia, akaketi karibu na mama yake. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, marefu, yana utangulizi. Yote yakayeyuka.

Nikasema, "Binti yenu hakufanya kosa. Kosa ni langu na nikamtupia yeye mbele za watu. Tena mimea ilikuwa hai kwa mikono yake, nami nikajisifu."

Mzee akamgeukia binti. "Hukutuambia."

"Ningesema nini, baba? Kwamba mama wa mume wangu ni mwongo?"

Neno lile, kwa sauti yake ya chini, lilinipata barabara. Mama yake akamgusa goti amnyamazishe. Nikasema, "Mwacheni, ni kweli."

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea siku ile. Nilidhani atasema ni heshima. Akanitazama kama alivyonitazama barazani.

"Nilikuonea huruma, mama. Ulivyoshika lile gauni. Nikasema moyoni, jioni wakiondoka atamwambia mume wangu ukweli, yataisha. Nikangoja Jumapili. Nikangoja Jumatatu."

Nikaomba msamaha. Mzee akasema, kwa upole, kwamba mtu aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake apokelewe. Binti akasema, "Nimepokea. Lakini sirudi leo."

"Utarudi lini, mwanangu?"

"Ulinisema mbele ya watu tisa. Hapa mko watatu na mimi."

Akasimama akaenda kuanua nguo.

Jumanne, 7 Machi

Nilifika shuleni saa nne, wakati wa mapumziko. Mkuu alinikaribisha ofisini, akanisikiliza, akajikuna kidevu. "Mwalimu, hayo ni mambo ya nyumbani. Yaishie nyumbani."

"Sikuyasema nyumbani," nikamjibu.

Akanipeleka chumba cha walimu. Walikuwapo saba katika wale tisa, Mkuu akihesabiwa, na wengine wanne ambao hata hawakuwapo siku ile. Mkuu akagonga meza, "Mwalimu ana neno." Wakaweka vikombe chini wakitabasamu, nadhani walitazamia niwaalike tena.

Nilisema nimesimama. "Jumamosi ile niliwaambia mkamwana wangu alizembea pampu. Niliichomoa mimi ili nipige pasi gauni la kuwapokelea ninyi. Yeye hakuwepo. Nilijua wakati nasema."

Mwalimu mmoja alirudi kwenye madaftari yake akaanza kusahihisha kwa bidii. Mwingine alicheka kidogo, akageuza kikohozi. Yule wa kike aliyemwambia binti awe makini aliniuliza, "Na wewe ulituacha tumkaripie?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akainuka akatoka.

Wa nane alikuwa maabara, ni yule wa kemia, nikamfuata. Wa tisa amehamishwa, nikampigia simu nikiwa kwenye ujia. Mtandao mbaya. "Nani alichomoa?" "Mimi!" "Nani?" Ikabidi nipige kelele, "Nilichomoa mimi! Mimi mwenyewe!" Madarasa mawili yakageukia madirishani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka mtu aketi karibu yangu.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemwambia na fundi cherehani. Huyo wa kumi, hakuwa kwenye hesabu. Kwa mara ya kwanza nimemwona hana mzaha.

Jumapili, 19 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha. Maji ya pipa digrii ishirini na tatu bila barafu.

Mwanangu na mkewe wamepatana, lakini hawarudi hapa. Wamepanga vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha maji ya chupa. Mwanangu alikuja kuniambia mwenyewe. "Si kwa ubaya, mama. Anataka mlango wake." Nikasema chukueni mabomba. Akachukua manne, pipa, pampu na miche yote kumi na moja. Baraza imebaki na madoa meupe ya chumvi pale pipa lilipokuwa.

Jumanne, 28 Machi

Mkuu amepiga simu. Shule itajenga bustani. Mwalimu wa kemia amependekeza waitwe wanaoijua kazi. Mkuu akaniomba namba ya simu ya mkamwana. Nikampa. Hakuniita mshauri, nami sikungoja aniite.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua mfululizo. Nimekwenda kwenye vile vyumba vyao viwili kwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliketi karibu na mlango, nikanywa chai, nikaondoka. Bado hanichangamkii. Ananiita mama, na neno lenyewe analiweka mezani kwa uangalifu kama sahani ya mtu mwingine.

Leo alikuwa anahamisha miche mia moja ya shule, na mama yake na yule mwalimu wa kike wakimsaidia. Hakuniomba. Nikakunja mikono ya gauni nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikachukua mche.

"Mama, siyo hivyo," akasema, tena si kwa kunong'ona. "Unaikamua mizizi. Huu umekufa tayari, uweke pembeni."

Masikio yangu yalipata moto. Miaka thelathini na mmoja ya chaki ilinipanda kooni na jibu lake. Yule mwalimu alikuwa ananitazama aone nitafanya nini.

Nikauweka mche pembeni.

"Nionyeshe," nikasema.

Akafuta mikono, akachuchumaa mbele yangu, akanionyesha. Sikupata. Akanionyesha tena.